Nyota Zilizopitia kwa Mama Patroba

"Mama, imeingia?"

Awinja aliuliza bila kugeuka. Alikuwa ameketi mbele ya kompyuta ya marehemu, mgongo wake ukiuelekea mlango, akikitazama kisanduku kidogo kilichosubiri tarakimu sita.

"Bado," sauti ya Mama Patroba ilitoka jikoni. "Labda ni mtandao. Huku kwetu mtandao inakujanga ikitaka."

Kisanduku kikangoja. Kikachoka kungoja, kikajifunga chenyewe. Awinja akashika tama. Ilikuwa Jumatano, na Jumapili alitakiwa awe ndani ya ndege.

Kilichomkalisha pale kilikuwa kitu ambacho watu wengi wa Malava hawakujua kwamba kipo. Mwalimu Titus Osiako, aliyefundisha fizikia katika shule ya upili mpaka akastaafu, alikuwa ameandika programu aliyoipa jina Kimulimuli. Ukiipa rangi ya nyota, mng'ao wake na umbali wake, nayo ilikurudishia habari za nyota hiyo: joto lake, ukubwa wake, uzito wake na umri wake. Mwalimu hakuiuza. Aliiweka mtandaoni ili yeyote aichukue na kuiingiza ndani ya programu yake mwenyewe, kama jembe lililofuliwa vizuri na kuachwa kando ya njia kwa mkulima yeyote apitaye. Wenye kazi hiyo huita kitu cha namna hii maktaba ya programu, na maktaba ya Mwalimu ilitumiwa na wachunguzi wa nyota katika nchi ambazo yeye hakuwahi kuzikanyaga. Awinja alimjua tangu alipokuwa mwanafunzi wake. Alipofika chuo kikuu alianza kumsaidia, na alipohitimu walikuwa chanda na pete: mmoja akiandika Malava, mwingine akisahihisha kwao Chekalini.

Kisha Mwalimu aliugua, na kitandani ndipo alipoona kosa.

Baina yetu na nyota kuna vumbi. Vumbi hilo hupunguza mwanga wa nyota na kuupaka wekundu, kama moshi wa miwa inayochomwa unavyolifanya jua la alasiri lionekane limeiva kabla ya wakati. Anayetaka kuijua nyota yenyewe lazima kwanza aliondoe vumbi katika hesabu zake. Mwalimu alikuwa ameliondoa. Tatizo ni kwamba aliliondoa mwanzoni mwa hesabu, halafu, miaka baadaye, alipoandika sehemu nyingine, akaliondoa tena. Alikuwa kama mtu anayechekecha unga, akampa mke wake naye akauchekecha upya kwa ungo mwembamba zaidi, makapi yakaenda na unga ukaenda nayo. Nyota za Kimulimuli zote zilitoka zikiwa moto kidogo kuliko zilivyo, na changa kidogo kuliko umri wao.

"Usiniache na uongo juu ya nyota," alimwambia Awinja, sauti yake ikiwa imebaki nyuzi. "Nimezipunguzia umri kama mwanamke anayejaza fomu."

Awinja alicheka huku akilia, akaahidi.

Mwalimu alizikwa kando ya shamba lake la miwa. Siku ya kunyoa, ambayo huku ndiyo siku watu hukaa pamoja baada ya mazishi na mambo ya marehemu yakasemwa hadharani, kaka yake mkubwa alisimama akatangaza kwamba hakuna kitu cha kazi ya Titus kitakachotoka bomani mpaka ibada ya ukumbusho, mwaka utakapopinduka. Aliwataja waliohusika mmoja mmoja, akawauliza kama wamesikia. Alipofika kwa Awinja, Awinja aliitikia kwa kichwa. Alikuwa akifikiria vitabu vya Mwalimu, darubini yake na kiti chake cha ngozi. Hakufikiria kwamba alikuwa ameitikia mbele ya ukoo mzima juu ya nyota zote zilizopimwa duniani kwa Kimulimuli.

Kwa maana ili toleo jipya litoke, vitu viwili vilihitajika. Cha kwanza kilikuwa ufunguo wa siri, faili ndogo iliyokaa ndani ya kompyuta ya Mwalimu. Cha pili kilikuwa tarakimu sita ambazo kila mara zilitumwa kwenye simu yake, ili ijulikane kwamba ni yeye kweli. Mwalimu alikuwa akisema kila siku kwamba atabadilisha utaratibu huo wapate kushirikiana wawili. Kifo kikamtangulia. Sasa kompyuta ilikuwa mezani chumbani, na simu ilikuwa kiunoni mwa mjane wake, Mama Patroba, imefungwa kwenye leso pamoja na funguo za kabati.

Mara ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Awinja alirekebisha hesabu, akaomba tarakimu, simu ikalia, na Mama Patroba akazisoma kwa sauti ya mtu anayesoma somo kanisani. Kosa likawa limeondoka. Awinja alilala usingizi wa mtoto.

Asubuhi dunia ikamwamkia. Watu walikuwa wameshajenga juu ya kosa. Kwa miaka waliona kwamba nyota za Kimulimuli zinatoka moto kidogo, na badala ya kuuliza, kila mmoja alizipoza kidogo katika programu yake, kimyakimya, kama mtu anavyotia maji kwenye chai ya moto. Sasa maktaba ilipoanza kusema kweli, wao bado walikuwa wakipoza. Mwanamke mmoja wa Chile, ambaye alikuwa ameorodhesha maelfu ya nyota kwa njia hiyo, aliandika kwa adabu: tafadhali turudishieni kosa letu.

Awinja akabaki. Alitengeneza kiraka, kiraka kikavunja pengine. Akatengeneza kingine. Alikuwa amekuja Malava kwa mazishi na nguo za kubadilisha mara mbili. Sasa alikuwa na ndoo yake, kikombe chake, na kitanda katika chumba cha mabinti walioolewa. Kila jioni Mama Patroba alimletea chakula, na kila asubuhi alimwuliza kama alilala vizuri, na hakuna hata siku moja aliyomwonyesha kwamba amechoka naye. Laiti angemchoka. Mtu akikufukuza, mguu unajua njia. Akikupakulia kipapatio cha ingokho, kuku wa kienyeji, mbele ya mwanawe wa kumzaa, utaanzia wapi kuaga?

Na kule Afrika Kusini, kwenye kituo cha kutazamia nyota kilichomkubali akajifunze na kufanya kazi, walishamsogezea mwanzo mara moja kwa sababu ya msiba. Walimwambia kwa upole kwamba hakutakuwa na mara ya pili. Nafasi ile alikuwa ameiombea tangu alipovua joho la kuhitimu. Ikipita, alijua, itakuwa kufundisha kwa mkataba na kungoja, na kungoja kunazaa kungoja.

Toleo alilokuwa akilisubiria tarakimu lilikuwa la mwisho. Lilimruhusu kila mtumiaji achague: hesabu sahihi, au hesabu ya zamani pamoja na onyo. Likitoka, angeweza kuondoka. Lakini tangu Jumatatu ujumbe haukuingia.

*

Patroba, mwana wa kwanza wa nyumba ile, alikuwa akifanya kazi kwenye mizani ya kiwanda cha sukari, na siku zamu yake ilipokwisha mapema alipita kula kwa mama yake. Mchana huo aliegemea mlango wa chumba, harufu ya molasi ikimtoka kwenye ovaroli.

"Daktari wa nyota. Bado hujaachana na hii mashine? Si mfanye harusi tujue moja."

"Ndoa ilishafungwa," Awinja alisema. "Natafuta talaka."

Patroba alicheka, akavuta kiti. Mama yake alikuwa amekwisha kuweka obusuma, ugali wa kwao, katikati ya meza, mlima wenye moshi, na mboga za kunde pembeni.

"Patroba, nikuulize," Awinja alianza, akimega tonge asilolila. "Kuna ufunguo ndani ya kompyuta. Si chuma. Ni maandishi tu, mistari michache. Nikiunakili niende nao, hapa kutabaki kila kitu kama kilivyokuwa. Hakuna kitakachopungua."

"Ufunguo si kitu?"

"Hauna hata uzito."

"Jina la mtu pia halina uzito. Lichukue bila kuuliza uone vile watu watakushika." Alitafuna kidogo. "Mimi sikatai kwa roho mbaya, dada yangu. Ningekuwa peke yangu ningekwambia chukua na kompyuta yenyewe. Lakini baba mkubwa alisema mbele ya watu, na wewe ukakubali mbele ya watu. Ukitoka nacho, kesho mtu akichukua ng'ombe, nitamwambia nini? Atasema, yule msichana wa Chekalini alianza."

"Nilikubali bila kujua."

"Hata mimi nilioa bila kujua."

"Wewe," mama yake alimkemea, lakini alikuwa akitabasamu. Alimwongezea Awinja mboga. "Kula, mwanangu. Mtandao utarudi."

Awinja alimtazama mama yule mwembamba, kichwa kilichonyolewa kikianza kuota mvi fupi chini ya kitambaa. Yeye mwenyewe hakuwa akitoka. Mpaka ukumbusho upite, mjane hakulala nje ya boma lake wala kwenda sokoni kupiga gumzo, waliomtaka walimfuata. Wiki za mwanzo walimfuata wengi. Sasa alikuja mchungaji, na siku nyingine hata mchungaji hakuja.

Alasiri Awinja alimpigia Kipchirchir, kijana wa Eldoret waliyesoma naye, ambaye alikuwa ameahidi kushika zamu ya kujibu watumiaji akiondoka.

"Mambo ni rahisi," Kipchirchir alisema. "Maktaba ni ya wote, sheria yake inasema hivyo. Tunainakili yote, tunaipa jina lingine, tunaanza upya. Ukitaka, saa hii naifanya nikinywa maziwa yangu ya mursik."

"Na wote wanaoiita Kimulimuli?"

"Watabadilisha."

"Wamebadilisha mara ngapi mwezi huu kwa sababu yangu? Wengine hawatajua hata kwamba tumehama. Watabaki na toleo lililovunjika, wakipima nyota kwa fimbo iliyopinda." Akashusha sauti, kwa kuwa ukuta ulikuwa wa mbao. "Halafu ni kama kuhama nyumba ya mtu wakati matanga hayajaanuliwa, Kip. Siwezi."

"Awinja, unataka ruhusa ya watu wote duniani kabla hujatoka kwenye mlango ulio wazi."

Kipchirchir alisema kweli. Hapakuwa na kufuli popote. Lango la boma lilikuwa kamba iliyozungushwa kwenye nguzo. Zaidi yake kulikuwa na miwa, pande zote, imesimama mirefu kuliko mtu, na siku zile upepo ulipokatika ilionekana kama imekaribia hatua moja.

*

Alhamisi hakukuwa na mtandao, kwa kadiri Mama Patroba alivyosema.

Ijumaa, jua likiwa limepanda, Mama Patroba alitoka kwenda nyuma ya nyumba kuanika mahindi. Simu ya marehemu ilikuwa imeisha chaji, akaiacha jikoni kwenye kigoda, waya wake ukining'inia kutoka ukutani. Awinja hakujua. Aliomba tarakimu kwa mazoea tu, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba anayojua ni tupu.

Simu ikalia.

Ulikuwa mlio ule wa Mwalimu, filimbi fupi ya ndege iliyokuwa ikiwachekesha wanafunzi darasani. Awinja aliinuka akaenda jikoni. Ujumbe ulikuwa umeingia, tarakimu sita wazi kwenye kioo, na juu yake kulikuwa na wa Alhamisi, na wa Jumatano, na wa Jumanne, na wa Jumatatu, wote umefunguliwa, wote umesomwa. Hata mmoja haukukosa kufika.

Alisimama pale. Tarakimu zilikuwa machoni mwake. Hatua chache kurudi chumbani, angeziandika, toleo lingetoka, na kabla mahindi hayajasambazwa yote kwenye turubai yeye angekuwa amekunja nguo zake. Nani angemlaumu? Alidanganywa siku nne. Alipiga hatua moja, akasimama. Simu haikuwa yake. Mtu aliyemdanganya alikuwa nyuma ya nyumba akiinama juu ya mahindi, na tangu Awinja afike hapa hakuwahi kumgusa mkononi bila kumwita mwanangu. Alibaki amesimama mpaka muda wa tarakimu ukapita, zikawa namba za bure.

Mama Patroba aliingia na ungo mtupu. Akamwona Awinja, akaiona simu. Aliweka ungo chini taratibu, kama kwamba ulikuwa umejaa mayai.

"Imelia," alisema.

"Imelia, Mama. Na jana ililia. Na juzi."

Yule mama alivuta kigoda kingine akaketi. Hakutafuta maneno ya kujitetea.

"Mama, unajua Jumapili ni nini kwangu?"

"Najua."

"Unajua hawatanisubiri?"

"Najua, Awinja."

"Basi umenifunga." Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Umenifunga kama mbuzi, na unanilisha."

"Nimekufunga." Mama Patroba alitazama mikono yake, yenye vumbi la mahindi. "Ngoja nikwambie, halafu ukitaka kunikasirikia, kasirika, sitakataa. Alipokufa, hii simu ililia wiki nzima. Watu wa pole. Halafu wakaacha. Ni nani anapigianga mtu aliyekufa? Mimi naichaji kila siku, naweka laini isife, nayo imenyamaza kama jiwe. Siku ile wewe uliomba namba zako, ikalia. Nilikuwa naosha sufuria. Nikasema, Titus, simu yako. Nikasema kwa mdomo, Awinja. Nikaenda nayo mpaka mlango wa chumba, na chumbani mtu anaandika, kwa-kwa-kwa, vile yeye alikuwa anaandikanga. Kwa muda kidogo sikuwa mjane."

Mama Patroba aliigeukia simu pale kwenye kigoda.

"Kila siku ikawa inalia. Nikaona Mungu ni mwema. Halafu Jumapili iliyopita nikasikia ukimwambia yule Kipchirchir kwamba hii sasa ni ya mwisho. Nikafikiria, ikiwa ya mwisho, hii simu hailii tena mpaka na mimi nizikwe. Na mimi siwezi kwenda popote. Nikasema, basi leo nitaikandamiza kwa leso isisikike, niseme haijaingia. Leo tu. Kesho nikasema tena leo tu."

Nje kuku mmoja aligundua kwamba mahindi hayana mlinzi, akawaita wenzake. Hakuna aliyeinuka.

Awinja aliketi sakafuni, mgongo ukutani, akalia. Alilia kwa hasira, na katikati ya hasira aligundua kwamba analia pia kwa sababu ya Mwalimu, ambaye hakuwa amemlilia sawasawa, kwa kuwa tangu siku ya mazishi alikuwa akirekebisha hesabu. Mama Patroba alimwacha alie. Alipotulia, yule mama aliuliza swali ambalo Awinja hakulitarajia.

"Hii kazi ikishatoka Ijumaa hii, imeisha kabisa? Hakuna tena kurekebisha?"

"Haiishi, Mama. Watapata kosa lingine. Maktaba ikitumiwa na watu haiishi."

"Na kosa likipatikana, ni lazima wewe uwe hapa ndio mimi nisome namba?"

"Namba unaweza kunisomea hata nikiwa mbali. Tatizo ni kompyuta. Ufunguo uko ndani yake, na haitoki. Lazima mtu akae mbele yake aandike amri."

"Amri ni maneno?"

"Ni mistari michache."

"Mimi nilikuwa napiga chapa kwa ofisi ya chifu kabla Titus hajanioa," alisema Mama Patroba. "Alinipendea hapo. Alikuja kutafuta barua ya kitambulisho, akarudi mara nyingi na barua alikuwa nayo. Wewe ukiniambia herufi, naandika. Kitu hakitoki bomani. Baba mkubwa atasema nini?"

Awinja alijifuta uso kwa mkono wa blauzi. Akili yake, iliyofundishwa kutafuta mahali kitu kitakapovunjika, ilianza kutafuta. Kazi yote ya kuandika na kukagua ingefanyika kwingine: yeye kule, Kipchirchir Eldoret, na yule mwanamke wa Chile, ambaye tayari alikuwa amejitolea. Wakikubaliana watatu, toleo lingeshuka kwenye kompyuta ya Malava likiwa tayari. Lingebaki tendo moja, la kulitia muhuri. Ulikuwa utaratibu mbaya. Umeme ukikatika ungengoja, mvua ikinyesha ungengoja. Hakuna kitabu cha fani yao ambacho kingeusifu.

"Ni njia mbaya, Mama," alisema.

"Kuna nyingine?"

Hapakuwa na nyingine ambayo angeweza kuishi nayo.

*

Walifanya jaribio siku hiyohiyo, kwa toleo lenyewe, kabla ya chakula cha mchana. Awinja alitoka nje akasimama kwenye turubai la mahindi na simu yake sikioni, akiigiza kwamba yuko ng'ambo, na Mama Patroba akaketi kwenye kiti cha ngozi. Patroba, aliyekuwa ameingia kutoka zamu ya usiku, alisimama katikati, mlangoni, akishuhudia.

"Andika C," Awinja alisema.

Kukasikika mshindo.

"Mama, polepole, hiyo si taipureta," Patroba alisema. "Utatoboa meza."

"Nyamaza. Endelea, Awinja."

Aliandika kwa vidole vyote kumi, bila kutazama chini, kila herufi ikianguka kama tone zito kwenye bati. Ilipofika mahali pa tarakimu, simu ya marehemu ilipiga filimbi kiunoni mwake. Alitulia kidogo, mkono juu ya leso. Kisha akazisoma kwa sauti, zote sita, ingawa hakuna aliyehitaji kuzisikia, akaziandika.

"Inasema nini?" Awinja aliuliza kutoka nje.

"Imeandika kizungu kirefu. Mwisho kuna neno, limefaulu."

Patroba alipiga makofi mawili makavu. Awinja alibaki amesimama kwenye jua na simu sikioni, ingawa walikuwa wakisikiana bila simu. Toleo lilikuwa limetoka. Huko nje, kila mtu aliyeipima nyota kwa Kimulimuli sasa angeambiwa kweli, au angalau angeambiwa kwamba amechagua uongo.

Kipchirchir alipopigiwa alicheka mpaka akakohoa. "Kwa hiyo nyota zote hizi, za kaskazini na za kusini, zitapitia kwa mama mmoja wa Malava?"

"Zitapitia."

"Na akiwa shambani?"

"Zitangoja."

"Haya. Zimengoja miaka bilioni, hazitashindwa kungoja avune kunde."

Jumamosi aliaga. Mama Patroba hakulia. Alimfungia simsim na njugu kwenye karatasi, akamsindikiza mpaka kwenye kamba ya lango, akasimama hapo, maana zaidi ya hapo haendi. Awinja alipopita miwa ya mwisho aligeuka, akakiona kile kitambaa cheupe bado kiko pale, kimesimama upande wa ndani.

*

Kituo kilikuwa kwenye nchi kame, juu ya kilima, na dirisha la ofisi yake lilitazama vichaka vifupi mpaka upeo wa macho. Hakuna kitu kilichosimama kumzidi mtu kimo. Siku za kwanza nafasi ile yote ilimtia kizunguzungu. Alitembea kutoka jengo hadi jengo akishangaa kwamba hakuna aliyemwuliza anakwenda wapi.

Kosa dogo lilipatikana kabla hata hajazoea kitanda chake. Mtu mmoja India alikuwa ameipa Kimulimuli nyota bila kuitajia umbali wake, nayo ikamjibu badala ya kukataa. Awinja aliandika rekebisho, Kipchirchir akalikagua, Chile wakalikubali. Saa sita mchana alifunga mlango akapiga simu Malava.

"Mulembe, mwanangu. Huko kuna baridi?"

"Kidogo, Mama. Uko mbele ya kompyuta?"

"Niko hapa. Nilisikia umeme umerudi, nikasema leo atapiga."

Herufi zilianguka moja baada ya nyingine, nzito, katika sikio la Awinja. Kisha, mbali nyuma ya sauti ya yule mama, filimbi ya ndege ikalia.

"Imeingia," Mama Patroba alisema.

"Haya, ziandike, Mama."

"Nakusomea kwanza. Tatu. Tisa. Tisa tena. Sifuri." Akanyamaza. "Unakula vizuri?"

"Nakula. Mama, ziandike, zina muda."

"Unakula nini?"

"Mkate. Wali. Mama."

"Mkate si chakula. Kuna mtu wa kukupikia obusuma huko? Patroba anasema mahindi yao ni ya njano. Tano. Na ile simsim uliimaliza?"

Awinja alifungua mdomo kumharakisha, akaufunga. Alijua, kama anavyojua jina lake, kwamba zilibaki sekunde chache, na kwamba yule mama pia alijua.

"Bado iko nusu," alisema. "Nakula kidogokidogo, isiishe."

"Vizuri. Ya mwisho ni moja." Mishindo sita. "Awinja, hii kitu inasema muda umekwisha."

"Sawa, Mama."

"Basi omba ingine."

Kwenye kioo chake rekebisho lilikuwa bado limesimama mahali pake, tayari, likingoja, na watu wa nchi kadhaa wakilingoja. Kazi yake ya kituoni ilikuwa imerundikana mezani. Awinja alisogeza kiti karibu na dirisha, akaegemeza kichwa kwenye kioo chenye joto la mchana.

"Andika tena mstari wa mwisho," alisema. "Polepole. C kwanza."